Kipanya Chetu cha Kulala na Milima ya Kusini

Mpango ulikuwa hivi: shule zikifungwa Desemba, tutoke Dar es Salaam na gari letu la kulala, tupite Iringa, tupande Kitulo, tufike Mbeya, tushuke Kyela kwa shangazi yake mume wangu, halafu tupande tena kuelekea Tunduma, Sumbawanga na maporomoko ya Kalambo. Njia yote niliichora kwa kalamu ya risasi kwenye ramani ninayoitumia kufundishia jiografia. Mwisho wa siku Kyela tulifika bila gari, na Sumbawanga hatukuiona kabisa.

Naihesabu safari ile kuwa nzuri kuliko zote tulizowahi kwenda, na nataka kueleza kwa nini. Nawafahamu watu ambao wamenunua magari ya zamani, wakayafunga kitanda na jiko, kisha yanakaa uani yanashika vumbi kwa sababu wenyewe wanaogopa kuharibikiwa njiani. Nyanda za Juu Kusini zinafaa mno kwa gari la namna hiyo. Ila njia uipange kwa miinuko, usiipange kwa kilomita, na uwe tayari kuipanga upya ukiwa bado mahali penye fundi na chakula.

Gari lenyewe ni kipanya cha dizeli kilichofanya kazi ya daladala miaka mingi kabla hakijawa chetu. Tuling'oa viti vya nyuma, seremala akatupigia kitanda chenye masanduku chini yake, tukaweka madumu ya maji, jiko dogo la gesi na mapazia ya kanga. Injini iko chini ya viti vya mbele. Ukitaka kuitazama unainua kiti, na joto likizidi, aliyekaa juu yake hulisikia kabla mshale wa geji haujasogea. Mume wangu anaendesha tambarare, mimi naendesha milimani. Yeye mguu wake ni mzito kwenye mafuta, na injini ile inamtaka mtu anayeridhika na gia ya pili.

Badiliko la kwanza lilikuwa dogo. Tulifika Ruaha Mbuyuni mchana wa jua kali, mibuyu imesimama kimya pande zote, vitunguu vimepangwa kandokando ya lami, na mbele yetu Kitonga. Ratiba ilisema tulale Iringa siku hiyo. Nikasema hapana, tulale hapa hapa, tupande alfajiri hewa ikiwa imepoa na malori yamepungua. Tukanunua vitunguu, tukapika, binti yetu akalala amefungua mlango wa pembeni kwa joto.

Tuliuanza mlima kabla jua halijatoka. Aliyepita Kitonga anaijua: upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine korongo, katikati malori yanatambaa na kuacha moshi. Tulikuwa nyuma ya lori la mizigo ya Zambia, gia ya kwanza, nikaisikia harufu tamu ya maji ya rejeta. Nikawasha hita hadi mwisho ili ivute joto kutoka kwenye injini, nikapata sehemu pana, nikasimama. Utingo wa lori lililokuwa limeegesha hapo alishuka mbio akaweka jiwe nyuma ya tairi letu kabla hata sijavuta breki ya mkono vizuri, akakata matawi akayalaza barabarani kwa nyuma.

"Dada, kifuniko hicho usikiguse sasa," akaniambia. "Kaa, unywe chai kwanza."

Tulikunywa chai, yeye pamoja nasi. Na wakati tunakunywa nilikuwa naliwaza jambo moja tu: mlima umepandwa alfajiri, hewa baridi, mzigo si mkubwa, na bado limechemsha. Kwa hiyo tatizo halikuwa jua wala mlima. Lilikuwa ndani ya mfumo wa maji, na tungekwenda nalo mpaka litafutwe.

Kutoka hapo tulikwenda taratibu, Ilula na nyanya zake, kisha mnara wa Lugalo, mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa (Mkwawa akiwa chifu wao) walikivamia kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wao, Zelewski. Mnara uko karibu na barabara lakini mabasi yanaupita kwa kasi. Sisi, kwa kuwa injini ilihitaji kupumzishwa, tulishuka tukausoma wote watatu. Iringa mjini hatukupanda na gari, tuliliacha chini Ipogoro karibu na Mto Ruaha Mdogo, tukapanda kwa bajaji. Fundi wa Ipogoro alibadilisha hozi iliyochoka akasema tujaribu. Kesho yake tulikwenda Kalenga kwa daladala. Binti yetu alisimama muda mrefu kwenye makumbusho mbele ya fuvu la Mkwawa, lile lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, kisha akauliza kwa nini lilichukuliwa. Mume wangu alimjibu kwa kirefu, na mazungumzo hayo yaliendelea hadi usiku, tukiwa tumelala kitandani ndani ya gari na mto unasikika.

Mafinga ndipo nilipotaka kufika katika habari hii.

Kutoka Iringa ni kama kilomita 80, barabara inapanda polepole, miti ya misonobari na mikaratusi ya Sao Hill inaanza, na malori ya mbao yanakuwa mengi. Ni pa juu, mita karibu 1,900, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Mshale wa geji ukapanda tena, safari hii kwenye mwinuko ambao baiskeli ingeupanda. Tukaingia mjini, tukaulizia fundi wa rejeta, siyo fundi wa gari tu. Hili nalisisitiza. Anayefungua rejeta kila siku na anayefungua kila kitu ni watu wawili tofauti.

Tulielekezwa kwa mzee mmoja mwenye banda la mabanzi nyuma ya wauza mbao. Tulimsalimia "Kamwene," akaitikia, akakaa kimya akitazama gari, kisha akaomba kitu ambacho sikukitegemea.

"Mama, mna sufuria?"

Nikampa ile ya kuchemshia maziwa. Akaifungua nyumba ya themostati, kile kilango kinachofunguka injini ikipata moto ili maji yaende kwenye rejeta, akaitoa, akaifuta kwa kidole gumba hadi namba 82, yaani nyuzijoto, iliyogongwa kwenye shaba ikaonekana. Akaweka maji kwenye sufuria, akaifunga themostati kwa waya akaining'iniza ndani, akabandika kwenye jiko la mkaa. "Ikifika hapo inatakiwa ifunguke yenyewe," akamwambia binti yetu, ambaye alikuwa amechuchumaa karibu kuliko sisi wote. "Wewe itazame, mimi naendelea na kazi."

Maji yalipata moto, yakaanza kutoa viputo vidogo pembeni, yakachemka kabisa. Themostati ilifumbuka upenyo wa ukucha tu, ikabaki hapo. Binti akamwita: "Babu, imekataa!"

Hapo ndipo kazi yangu na kazi ya mzee yule zilipokutana. Darasani huwa nafundisha kwamba kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa nyuzijoto moja pungufu, kwa sababu mgandamizo wa hewa unapungua. Mafinga maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Kifuniko cha rejeta kipo ili kuubana mfumo, maji yavumilie joto kubwa zaidi bila kuchemka. Kifuniko chetu raba yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Pwani kasoro hiyo ilijificha. Huku juu haikuwa na pa kujificha: kadiri tulivyopanda, ndivyo maji yalivyochemka mapema. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kukubali, akasema yeye anajua tu kwamba magari yanayotoka pwani yanakuja kufia kwake na vifuniko vibovu.

Kisha akaishusha rejeta yenyewe. Aliyeyusha risasi kuzunguka tangi la juu kwa moto wa gesi, akaliinua tangi kama kifuniko cha sanduku, na mirija ikaonekana imejipanga, mingi yake imezibwa na tope gumu la rangi ya kutu. Miaka ya kuongezwa maji ya bombani na ya visimani, chumvi kwa chumvi. Akachukua fito bembamba la chuma lililonyooshwa bapa, akaanza kuliingiza mrija mmoja baada ya mwingine, anasukuma, anavuta, anapuliza. Tope lilianguka chini vipande vipande. Kazi hiyo haina haraka. Alifanya mirija yote, hata ile iliyoonekana mizima, na mvua ilipoanza kupiga bati alisogeza kigoda chake ndani akaendelea.

Themostati ya kufanana haikupatikana Mafinga siku hiyo. Mafundi wengi wangeitupa wakaliacha gari liende bila hiyo. Mzee alikataa. Alisema baridi ya huku injini isiyo na themostati inakunywa mafuta na haipati nguvu, na sisi tulikuwa na safari ndefu ya kwenda chini na juu. Akaagiza Iringa, ikaja na basi. Kwa kuisubiri tulilala Mafinga tena, tukala ugali wa moto na maharage kwenye mgahawa wa wapakiaji mbao, tukanunua masweta ya mtumba. Jirani mmoja wa gereji alituletea ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukiwa bado mtamu wa asubuhi. Siku hizo zilikuwa za Kitulo kwenye ramani yangu. Nilizifuta bila uchungu, kwa sababu tulikuwa tunalala pakavu na gari lilikuwa linatengenezwa na mtu anayejua.

Wakati wa kuagana mzee alizunguka gari, akapiga teke dogo kila gurudumu, akasema, "Sasa litapanda. Ila mama, Matamba msilipeleke. Litafika. Mtalishusha na breki gani?"

Njia yetu ya kwenda Kitulo ilikuwa inapitia Chimala, ambako barabara inaiacha tambarare ya Usangu na kupanda ukingoni hadi Matamba kwa kona zinazojulikana kote kule kuwa ni 57. Mimi nilikuwa nimezipigia hesabu za kupanda tu. Gari zito, tairi za kawaida, breki za ngoma zilizochakaa, na udongo wa Desemba uliolowana: kushuka ndiko kungetumaliza.

Kwa hiyo Chimala tuliegesha. Mama mmoja muuza chakula alitupa nafasi chini ya mwembe wa uani kwake. "Weka hapo mwanangu. Wanangu wanalala hapa, hakuna atakayeligusa." Tukachukua blanketi, dumu la maji na nguo za baridi, tukapanda gari la abiria lililojaa mafuta ya kula, sabuni na vifaranga. Dereva hakutoka gia ya chini hata mara moja, na kila kona alipiga honi kabla ya kuingia. Binti alianza kuhesabu kona, hesabu ikampotea alipogeuka kutazama chini: Usangu yote imelala pale, mashamba ya mpunga yanang'aa maji, barabara kuu imekuwa uzi.

Matamba tulilala nyumba ya wageni, asubuhi tukapanda bodaboda hadi juu. Uwanda wa Kitulo uko mita kama 2,600. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Tangu 2005 ni hifadhi ya taifa, na ililindwa kwa ajili ya maua hasa. Okidi za ardhini ziko za aina zaidi ya 40. Nilichokuwa sikijui kwa undani ni biashara iliyozitishia: viazi vyake vidogo vya chini ya ardhi vilikuwa vinachimbwa kwa magunia na kupelekwa Zambia, kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Okidi inayochimbwa kiazi hairudi. Kijana wa bodaboda alituambia bibi yake aliwahi kuchimba, na hakusema kwa aibu wala kwa fahari, alisema kama mtu anayeeleza kilimo cha zamani.

Nilipiga magoti kwenye nyasi zilizolowa mbele ya ua moja la njano lisilozidi kimo cha kiganja, lenye madoa ya kahawia kooni. Ukungu ulikuwa unapita, ukiondoka rangi zinawaka uwanda mzima, ukirudi huoni hata mtu wa pembeni yako. Kama tungelipandisha gari letu, akili yangu siku ile yote ingekuwa kwenye breki.

Chimala hadi Uyole tulikwenda asubuhi mapema, mwinuko wa Inyala tukaupanda bila mshale kusogea. Nilishangilia peke yangu kwenye usukani. Lakini Uyole, tulipoegesha kununua viazi, mume wangu aliona tone chini ya injini, likafuata lingine. Fundi alishika feni akaitikisa, ikacheza. Wota pampu ilikuwa inaachia maji kwenye kitundu chake cha chini. Mwanjelwa tulizunguka maduka ya spea hadi jioni, ya kwetu haikuwepo, ikabidi iagizwe Dar.

Sasa tazama ramani pamoja nami. Kutoka Uyole kwenda Kyela unapanda kwanza milima ya Uporoto, Isyonje ukiwa umevuka mita 2,000, halafu unashuka Kiwira, Tukuyu, unaendelea kushuka hadi Ziwa Nyasa ambalo liko chini ya mita 500. Kwenda ungeweza kuomba Mungu. Kurudi ni kupanda zaidi ya mita 1,500 na pampu inayovuja. Hatukujadiliana sana. Mume wangu ndiye aliyekuwa na uzito moyoni, maana shangazi alikuwa ameambiwa tunakuja na nyumba yetu, na alishasafisha mahali pa kuiegesha. Akampigia simu kumweleza. Shangazi alicheka hadi sisi pembeni tukasikia.

"Mwanangu, mimi nilialika watu. Gari sikulialika. Njooni."

Tukaenda na Coaster. Isongole viazi vimejaa kandokando, Kiwira migomba imefunika nyumba, Tukuyu mvua, kisha vioo vikaanza kufunguliwa kimoja kimoja kwa joto, na masweta ya Mafinga tukayavua. Kwa shangazi kakao ilikuwa imeanikwa kwenye mkeka mlangoni na maembe yanaanguka yenyewe usiku. Alinipokea kwa "Karibu mkwe wangu, umechoka," akanipa kiti na maji kabla ya habari yoyote, kisha wali wa Kyela ambao harufu yake hutangulia sahani. Jumamosi alitupeleka Matema mnadani. Vyungu vya Wakisi vinavyoletwa kutoka Ikombe kwa mitumbwi vilikuwa vimepangwa mchangani, vyepesi, vimechorwa nakshi nyeupe, na milima ya Livingstone imesimama moja kwa moja kutoka majini. Mume wangu hakuwa amekanyaga pale tangu utoto. Aliogelea mchana kutwa na binti yake, mimi na shangazi tukakaa kivulini, akanieleza ukoo mzima, nani alimzaa nani na nani anadaiwa ng'ombe na nani.

Jioni hiyo, barazani kwake, tuliifuta Sumbawanga. Pampu ilikuwa imefika Mbeya, kwa hiyo gari lingetembea. Lakini breki zilikuwa bado, likizo ilikuwa inakwisha, na kwenda Kalambo kwa kukimbizana na tarehe kungemaanisha kupita kila mahali bila kushuka. Nilitaka kurudi polepole, tusimame Isimila, karibu na Iringa, tulikopita mara ya kwanza tukiwa na haraka ya kufika kwa fundi. Tukafanya hivyo. Nguzo za udongo za Isimila tulizikuta na jua la asubuhi, na mlezi wa makumbusho akamruhusu binti kushika shoka la mawe la watu wa kale na kulipima uzito mkononi.

Mzee wa Mafinga tulimpitia wakati wa kurudi. Aliinua kiti mwenyewe, akagusa rejeta kwa kiganja, akakifunga. Kitonga tulishuka kwa gia ya pili, nikiyaacha malori yanipite.

Breki za nyuma sasa ziko mezani kwa fundi wetu hapa Dar, na mstari wa Tunduma hadi Kalambo bado uko kwenye ramani kwa kalamu ya risasi. Shule zinafungwa tena Juni. Juni Isyonje ni baridi kali, barabara imekauka, na injini yetu katika hali hiyo hupanda vizuri. Shangazi ameshaambiwa, na amesema safari hii anataka kulala humo ndani ya gari.